Nataka saikolojia ya Chuo Kikuu cha Nairobi, lakini nina D+ ya Hisabati

Shikamoo Bi Mshauri,

Mimi ni msichana wa miaka 18, nakaa Likoni. Nimemaliza kidato cha nne na KCSE yangu ni B- ya pointi 57. Nilipata Kiswahili B+, Dini ya Kiislamu A-, Historia B, Kiingereza B-, Biashara B-, Biolojia C+, Kemia C- na Hisabati D+.

Tangu kidato cha pili nimetaka kitu kimoja tu, kusoma saikolojia Chuo Kikuu cha Nairobi. Chuo kingine sikitaki. Baadaye nataka nifanye kazi hospitalini, nikae na wagonjwa wa akili na vijana wa unga, yaani dawa za kulevya, maana mtaani kwetu naona wanavyofungiwa vyumbani au kuzungushwa huku na huku bila mtu wa kuzungumza nao.

Baba anauza nguo Kongowea. Hajakataa, ila kila siku anauliza pesa zitatoka wapi na kazi iko wapi. Mjomba anasema saikolojia ni kozi ya matajiri, niende Chuo Kikuu cha Pwani nikasomee ualimu. Kijana wa saiba karibu na feri ameniambia nijaze Nairobi nafasi zote sita za maombi ya KUCCPS, wale wanaopanga wanafunzi vyuoni, ili mfumo ujue nimekusudia, na anataka 2,500 kunijazia. Mama naye ameona tangazo la chuo fulani mjini, cheti cha ushauri nasaha cha miezi sita, ati ukimaliza unaitwa mwanasaikolojia.

Je, kwa D+ ile naweza kuingia? Nijaze vipi? Nikikosa Nairobi nikae nyumbani mwaka mmoja nijaribu tena? Na hiyo saikolojia yenyewe ina hesabu ndani?

Z., Likoni

---

Marahaba mwanangu, na hongera kwa A- ya Dini.

Barua yako imekitaja chuo kabla ya kazi. Mimi nitaanza na kazi, kwa sababu ikieleweka vizuri suala la chuo litakuwa jepesi. Anayekaa na mgonjwa ndani ya wadi ya hospitali, akampima na kuandika ripoti ambayo daktari ataitegemea, ni mwanasaikolojia wa kliniki. Huyo hapatikani kwa shahada ya kwanza peke yake. Miaka minne ya mwanzo humpa misingi: ukuaji wa mtoto, ubongo na neva, kujifunza na kumbukumbu, maradhi ya akili na namna yanavyoainishwa, vipimo vya kisaikolojia, nadharia za ushauri nasaha, na utafiti. Kazi ya wadi hufundishwa kwenye shahada ya uzamili, kwa kawaida miaka miwili, pamoja na saa za kuhudumia wagonjwa chini ya msimamizi. Usimchanganye na daktari wa saikiatria, ambaye alisomea udaktari kwanza ndipo akabobea katika maradhi ya akili. Daktari huyo ndiye anayeandika dawa. Mwanasaikolojia haandiki.

Sasa angalia hapo Nairobi kwenyewe. Shahada ya kwanza iko Idara ya Saikolojia, upande wa sayansi za jamii. Uzamili wa saikolojia ya kliniki uko Idara ya Saikiatria, upande wa afya, kule kwenye Hospitali ya Taifa ya Kenyatta. Ni milango miwili tofauti, na mlango unaoelekea wadini ni huo wa pili. Pale watakuuliza kama shahada yako inatambuliwa na kama umeipata kwa daraja zuri. Lenga daraja la pili la juu. Aliyesomea Maseno akapata daraja hilo yuko mbele ya aliyesomea Nairobi akaponea chupuchupu. Kwa hiyo Nairobi kuwa chaguo lako la kwanza, naunga mkono. Kuwa chaguo lako pekee, hapo nakukatalia.

Tuje kwenye pointi. Kuingia shahada kunahitaji wastani wa C+, nawe umeshapita. Baada ya hapo kinachoamua ni pointi za klasta, ambazo hujumlishwa juu ya 48. Kwa kozi za kundi la sanaa na jamii, ambamo saikolojia nyingi zimo, masomo manne ya klasta huwa hivi: Kiingereza au Kiswahili, Hisabati au somo moja la sayansi, somo moja la kundi la Historia, Jiografia na Dini, kisha somo jingine kutoka sayansi, kundi hilohilo la tatu, au masomo kama Biashara. Soma tena hilo la pili. Ni Hisabati au sayansi. Biolojia yako ya C+ inaingia hapo na D+ inabaki nje. Wewe una Kiswahili 10, Biolojia 7, Dini 11 na Historia 9, jumla 37.

Kukadiria klasta, gawa 37 kwa 48, gawa 57 kwa 84 (pointi zote za masomo saba), zidisha majibu hayo mawili, tafuta kipeo cha pili chake, kisha zidisha kwa 48. Utapata kama 34.7. Haya ni makadirio tu. Tovuti ya KUCCPS ina hesabu yake na itakuonyesha pointi zako kwa kila kozi. Zikiwa tofauti, fuata za tovuti, usibishane nazo. Unaona lakini D+ imeingia kwa mlango wa nyuma: Hisabati ni lazima kwenye yale masomo saba yanayofanya 57. Ungepata C ungekuwa na 59, na klasta ingepanda hadi karibu 35.3. Imekugharimu kama nukta 0.6. Si kidogo pale watu wanapobanana, ila si kifo. Hakikisha tu kwenye maelezo ya kila kozi kwamba chuo hakijaweka gredi ya chini ya Hisabati kama sharti la ziada, maana ukikosa sharti la somo, pointi hata ziwe nyingi vipi hazikusaidii.

Watu wengi hukosea kwenye "katofu", ile pointi ya mwisho inayotajwa kwa kila kozi. Hakuna mtu aliyekaa ofisini akaipanga. Ni pointi za mwanafunzi wa mwisho aliyepata nafasi mwaka uliopita. Waombaji wazuri wakiongezeka mwaka huu, inapanda. Nafasi zikiongezwa, inashuka. Ukiona katofu ya mwaka jana iko juu yako kwa nukta moja, weka, lakini usiitegemee. Ikiwa juu kwa nukta nne, hiyo nafasi umeitupa. Ikiwa chini yako kwa nukta mbili au tatu, hapo unaweza kulala usingizi.

Ndiyo maana ushauri wa kijana wa saiba haufai. Mfumo hausomi kusudio la mtu. Unasoma pointi na idadi ya nafasi. Isitoshe saikolojia ya Nairobi haina kodi sita, yaani namba za kozi za kujazia, kwa hiyo nafasi zitakazobaki utazijaza kozi nyingine za chuo hichohicho, na huenda ukapangiwa mojawapo usiyoitaka kabisa. Nafasi huandikwa 1a, 1b, 1c, kisha 2, 3 na 4. Weka Nairobi 1a. Kwenye 1b na 1c weka saikolojia au saikolojia ya ushauri nasaha ya vyuo vingine vya umma, mathalan Kenyatta na Maseno, kwa kufuata katofu zinazoshuka. Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, kina shahada ya saikolojia ya tiba iliyo chini ya shule ya udaktari, na kwa ndoto yako ya hospitali ingefaa sana. Lakini hiyo huangalia sayansi, na Kemia yako ni C-, basi soma masharti yake kabla ya kupoteza nafasi. Chini kabisa weka kozi ya jirani ambayo una hakika nayo, kama kazi za ustawi wa jamii. Kila kozi ina kodi ya tarakimu saba. Iandike kwenye karatasi ukiwa nyumbani, kisha uilinganishe na jina la kozi na la chuo kwenye skrini kabla ya kubonyeza. Tarakimu moja ikikosewa unaweza kujikuta umeomba kitu kingine, na hakuna atakayekupigia simu kukuuliza kama ulikusudia.

Ada ya maombi ni 1,500, hulipwa kupitia eCitizen. Hiyo 1,000 ya juu ni ujira wa kuandika kitu ambacho simu yako inaweza kukifanya. Unaingia kwa namba yako ya mtihani wa KCSE, mwaka wa mtihani, na neno la siri ambalo kuanzia huwa ni namba ya cheti cha kuzaliwa au ya mtihani wa KCPE. Lililo gumu ni kuchagua, na hilo usimwachie mtu.

Ukikosa Nairobi, usikae nyumbani. Ukikosa kila kitu, KUCCPS hufungua awamu nyingine ya kubadilisha machaguo kwa nafasi zilizobaki. Ukipangiwa chuo kingine, kuna kipindi kifupi cha kuomba uhamisho kutoka chuo hadi chuo, hapohapo kwenye tovuti. Lakini uhamisho unataka pointi zako zifike katofu ya mwaka wako kule unakokwenda, na nafasi iwepo. Aliyepungukiwa na pointi hawezi kuingia kwa njia hiyo, na anayekuahidi vinginevyo anakula pesa zako. Mwaka mzima wa kusubiri haukuongezei hata nukta moja, maana KCSE yako ni ileile.

Sasa baba. Swali lake ni zuri kuliko yote kwenye barua hii. Aliyepangwa na KUCCPS kwenye chuo cha umma anaweza kuomba vitu viwili: ufadhili wa serikali, ambao haulipwi, na mkopo wa HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya wanafunzi, ambao unalipwa kwa riba ya asilimia 4 kwa mwaka baada ya masomo. Katika mpango ulioanza 2023, familia hupimwa uwezo na kuwekwa kwenye mojawapo ya madaraja, ambayo baadaye yakawa matano. Daraja la kwanza hupata ufadhili asilimia 70, mkopo 25, familia inalipa 5. Daraja la tano ni 30, 30 na familia 40. Katikati hapo, daraja la pili familia inalipa 10 na la tatu 20. Chukua mfano wa kozi ya 120,000 kwa mwaka: daraja la pili baba anatoa 12,000, daraja la tano 48,000. Tofauti hiyo inaamuliwa na fomu mtakayoijaza, kwa hiyo msiijaze mbio mbio. Mfanyabiashara wa Kongowea hana hati ya mshahara, na hapo wengi huandika sifuri wakidhani watasaidiwa zaidi, au huandika mauzo ya mwezi mzima kama kwamba ni faida. Yote mawili ni makosa. Andikeni kinachobaki baada ya kununua mzigo, kulipa kibanda na usafiri, na mtaje kila ndugu aliye shuleni na karo yake. Mkiona mmewekwa daraja lisilo lenu, kuna kukata rufaa. Mpango huu umefika mahakamani, kwa hiyo soma matangazo ya mwaka wako kabla ya kushika takwimu hizi kama msahafu.

Fomu hiyo itataka kitambulisho na laini ya simu iliyosajiliwa kwa jina lako, si la kaka yako. Kama hujaanza kutafuta kitambulisho, anza wiki hii na cheti cha kuzaliwa na vitambulisho vya wazazi. Hilo ndilo linalochelewesha watoto wengi wa Pwani. Chukua pia fomu ya basari ya NG-CDF, mfuko wa jimbo la ubunge, ya Likoni. Si pesa nyingi, lakini hulipia kitu.

Pesa ya matumizi ya HELB kwa madaraja hayo ilikuwa kati ya 40,000 na 60,000 kwa mwaka. Chukua 55,000: ukiigawa kwa miezi tisa ya masomo ni kama 6,100 kwa mwezi. Kwa Nairobi hiyo haitoshi chumba cha nje na chakula. Kwa hiyo omba bweni la chuo mara tu dirisha linapofunguliwa, na uwe tayari na pesa ya bweni kabla ya karo, kwa sababu vitanda huisha. Treni ya daraja la kawaida kutoka Miritini ni 1,500. Safari tatu za kwenda na kurudi ni 9,000 kwa mwaka. Baba ayaone haya yote kwenye karatasi moja. Vyuo vya kibinafsi kama USIU na Daystar vina saikolojia nzuri, lakini mpango huu hautoi ufadhili huko, ni mkopo tu. Kwa pato la kibanda cha nguo nisingekupeleka huko.

Cheti cha miezi sita: mwambie mama kwamba Kenya ina Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya 2014, na cheti hicho hakimfanyi mtu mwanasaikolojia. Kinaweza kumfundisha mtu kusikiliza, na anayejitolea msikitini au shuleni kitamfaa. Lakini wewe una B-, na chuo kinachoahidi cheo kwa miezi sita kiulizeni kimesajiliwa na TVETA, mamlaka ya vyuo vya ufundi, kwa kozi gani hasa na mtihani unatungwa na nani. Jibu likianza kuzunguka, ondokeni. Kwa vyuo vikuu, orodha ya kozi zilizoidhinishwa iko kwa Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu. Jina la kozi, siyo la chuo tu, ndilo la kutafuta humo.

Mjomba hajakosea kabisa. Aliyesomea ualimu anaweza kusajiliwa na TSC, tume ya walimu, na wewe wa saikolojia hutasajiliwa. Nafasi za serikali za wanasaikolojia ni chache, na wengi wenye shahada ya kwanza huanzia kwenye mashirika, vituo vya kurekebisha waraibu, ofisi za wanafunzi au za wafanyakazi, mara nyingi kwa cheo kisicho na neno saikolojia. Jipangie hivyo: kazi hiyo miaka miwili au mitatu, kisha uzamili. Ukikazana kwenda moja kwa moja bila pesa, utakwama kwenye karo ya uzamili, ambayo ule ufadhili wa shahada ya kwanza hauigusi.

Na ndiyo, hesabu imo. Utakutana na takwimu na mbinu za utafiti: wastani, mkengeuko sanifu, uwiano kati ya vitu viwili, na majaribio ya kuonyesha kama tofauti kati ya makundi ni ya kweli au ni bahati. Mwaka wa mwisho kuna mradi wa utafiti ambao utaukusanyia data mwenyewe. Kompyuta hufanya hesabu yenyewe. Kinachomshinda mtu ni kujua achague jaribio gani na jibu lina maana gani. Huhitaji aljebra nzito. Unahitaji asilimia, uwiano, desimali, kusoma grafu na kutumia fomula bila woga. Kabla ya kuripoti, chukua vitabu vyako vya kidato cha tatu na cha nne, sura za takwimu na uwezekano, nusu saa kwa siku. Biolojia pitia neva na homoni.

Miezi hii ya kusubiri, nenda MEWA au Reachout, mashirika ya Mombasa yanayohudumia waraibu, uulize kama wanapokea wa kujitolea. Wakikukubali, usitoe ushauri kwa mtu yeyote. Andika majina ya wanaofika, panga viti, sikiliza, na ya humo yabaki humo, hata jirani yako akiwa ndiye aliyeingia. Ukitoka hapo bado unaitaka kazi hii, utakuwa unajua unachokiomba.

Kama utaamua kwenda kwa kijana wa saiba kwa sababu simu yako inasumbua, hifadhi nakala ya ukurasa wa mwisho unaoonyesha machaguo yote sita, na neno la siri ulibadilishe ukiwa bado umekaa kwenye kiti chake.